Baga ya kuku wa Kikorea imefika imelegea, tumlaumu nani?

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia kitu kimoja, baga ya kuku wa kukaanga wa Kikorea, ile unaagiza kwenye simu inaletwa mpaka mlangoni. Zinazofanana nimeziunganisha, na ile ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu nyingine zote zimeshika mkia wake.

Dada, habari za kazi. Mi na mume wangu hatuelewani kuhusu baga. Tuliagiza ile ya kuku wa Kikorea, kwenye picha inang'aa hatari, sosi nyekundu inachuruzika, imefika kuku amelegea na mkate wa chini umelowa mpaka vidole vinazama. Nikataka kuwapa nyota mbili. Mume wangu anasema si haki, eti chakula chochote kikikaa kwenye begi nusu saa lazima kilegee, ungetaka kikavu ungeenda kula hukohuko. Nani yuko sahihi, na mtu anaipimaje baga ya namna hii bila kuwaonea watu? — Mama Mapacha

Mama Mapacha, mi niko upande wako, na shemeji msalimie sana. Hoja yake naielewa, angekuwa anazungumzia chipsi ningemkubalia hapohapo. Lakini huyu kuku wa Kikorea amezoea safari, tena tangu zamani. Wakorea walianza kumzoea kuku wa kuzamishwa kwenye mafuta kupitia wanajeshi wa Kimarekani kipindi cha vita vya 1950 mpaka 1953, mwaka 1977 Lims Chicken wakafungua Seoul ndani ya duka kubwa la Shinsegae, KFC wakaingia 1984, halafu baada ya ule msukosuko wa uchumi wa 1997 watu wengi waliopoteza kazi wakafungua vijiduka vya kuku, vidogo tu, meza chache, kazi kubwa ni kupeleka kuku majumbani kwa pikipiki. Mpaka leo Seoul watu wanakaa kwenye bustani za kando ya mto Han, wanaagiza kuku, analetwa hapohapo kwenye nyasi. Sasa chakula kilichokulia kwenye maisha hayo kikifika kimelegea tuseme ndo kawaida yake? Hapana, hapo jikoni kuna mtu karuka hatua.

Hatua zenyewe ni hizi. Kuku anapakwa wanga, mara nyingi wa viazi au konflawa, peke yake au na unga wa ngano kidogo. Wanga hauna ile gluteni ya ngano inayofanya ganda livutike na kuwa zito, kwa hiyo ganda linatoka jembamba, gumu, ukiuma linavunjika kwa mlio. Halafu majiko mengi ya Kikorea yanakaanga mara mbili. Mara ya kwanza moto wa wastani, nyuzi 160 au 165 hivi za Selsiasi, nyama inaiva. Anatolewa, anapumzika dakika chache, na hapo ndo penye utaalamu wote maana maji yaliyobaki ndani ya nyama yanatoka kama mvuke yanakuja kulainisha ganda, yaani ukimla saa hiyo utamsusa. Ndo anarudishwa kwenye mafuta ya moto zaidi, 180 mpaka 190, muda mfupi tu, ule unyevu uliopanda juu unafukuzwa. Jiko likiruka ile mara ya pili kwa sababu oda zimejaa, kuku anatoka na rangi nzuri tu, kwenye picha humjui, ila unyevu bado anao na utapanda juu akiwa njiani ndani ya boksi. Wewe unakuja kumpokea ameshalegea.

Sasa na majiko nayo niyatendee haki. Kuku wa Kikorea tuliyemzoea analetwa vipande vipande, hana mkate, hana mayonezi wala letasi, pembeni anapewa vijipande vya figili nyeupe vya siki basi. Baga ni ndugu wa baadae, na Wakorea wenyewe wanaipenda, kuna Mom's Touch ambao jina lao limekua kwa baga ya paja la kuku. Lakini ukishamweka huyo kuku katikati ya mikate miwili umemfunika blanketi, mvuke hauna pa kutokea, unaingia kwenye mkate, mwingine unagonga karatasi unageuka matone unarudi kulekule. Kwa hiyo kwenye baga ya kuletwa nyumbani unapima zaidi yale maamuzi yaliyofanyika kabla haijatoka jikoni. Wameuchoma uso wa mkate kwenye bati mpaka ukashika ukoko? Wamepaka siagi au mayonezi juu na chini ili mkate usinywe maji? Boksi lina matundu ya kupumulia? Vitu vya siki na sosi ya ziada vimewekwa kwenye kikopo pembeni au vimemwagwa juu tu? Jiko linalojua kwamba baga inaenda safari linayafanya haya yote bila kuambiwa.

Mi mfuko naufungua hapohapo ukifika, sisubiri watu wakusanyike wala nianze kutafuta sahani, kwa sababu zile dakika kumi za kusubiri ni zangu na siwezi kuziweka kwenye hesabu ya mtu mwingine. Nanyanyua mkate wa juu naugeuza, naangalia ule uso uliokuwa umelala kwenye kuku. Uliochomwa vizuri unauona na ukoko wa kahawia, ukipitisha kidole kinateleza kidogo kwa mafuta na sosi imekaa juu juu haijazama. Usiochomwa una duara jekundu limeingia ndani, katikati pamebonyea, na ukiuvuta unakatika, vipande vinabaki vimemng'ang'ania kuku. Halafu nachukua kisu nakwaruza ganda pale pembeni kuku anapochungulia nje ya mkate, mahali pasipo na sosi. Ukisikia mkwaruzo mkavu basi jiko limefanya kazi yake hata kama juu pamelowa. Kama kisu kinapita kimya, basi. Mwisho nakata katikati kwa kisu chenye meno naangalia pale ganda linapokutana na nyama, na hapa ndo hakuna kudanganyana: ganda zuri limeshika nyama na ni jembamba, baya lina tabaka la unga mweupe unaonata kwa ndani, au limejitenga kabisa, kuna uwazi katikati, ukiuma mara ya kwanza linachomoka lote unabaki na nyama iko uchi kwenye mkate.

Kwenye alama, kati ya kumi natoa tano kwa kuku mwenyewe, ganda na nyama pamoja, mbili sosi, mbili mkate, moja ufungaji. Najua kuna mtu ataona moja ya ufungaji ni ndogo, lakini ufungaji mbovu umeshakatwa alama kwenye ganda na kwenye mkate, ukiuadhibu tena kwa uzito uleule unamchapa mtu mara mbili kwa kosa moja. Na chumvi ya nyama msiisahau, kuku wa ndani akiwa hana ladha yoyote sosi ndo inabeba kila kitu, hiyo ni kazi nusu, nyama ilitakiwa ilazwe kwenye chumvi na viungo kabla haijaona unga.

Vitu vya kusamehe vipo. Letasi ikinywea samehe, mkate wa juu ukikunjamana kidogo samehe, baga ikiwa ya vuguvugu na unakaa mbali samehe pia. Mkate wa chini kuloa mpaka vidole vizame hausameheki, na ganda laini hata kwenye kona zisizo na sosi halisameheki. Kwa hiyo nyota mbili zako ni haki kabisa Mama Mapacha, ila usiandike "mbaya" ukaishia hapo, andika mkate wa chini ulikuwaje, ganda lilikuwaje, na ilichukua muda gani tangu itoke jikoni, mwenye jiko akisoma hivo ana kitu cha kushika. Na kama ilizunguka saa nzima kwa sababu dereva alipangiwa oda za watu wengine njiani, hilo ni la huduma ya uletaji, liandike kule. Dereva mwenyewe tafadhali sana msimshushe nyota kwa kosa la mafuta, boksi kalipokea limefungwa na kalileta limefungwa, na kwa wengi wao zile nyota ndo zinaamua kesho anapata kazi ngapi.

Dada, kila mtu siku hizi anaandika "Kikorea" kwenye menyu. Niliyoletewa mimi sosi ilikuwa na ladha ya tomato waziwazi, nikajua hapa nimepigwa, ni kechapu na pilipili tu. Nitajuaje sosi ya kweli? — Mpenda Pilipili

Hapo kwenye kechapu usiwe na haraka ndugu yangu. Ile sosi nyekundu tamu, yangnyeom, hata Korea kwenyewe mara nyingi inapikwa na kechapu ndani yake, pamoja na gochujang, kitunguu saumu, sukari na shira. Kwa hiyo tomato peke yake haijamfunga mtu. Cha kutafuta ni gochujang. Hiyo ni rojo nzito inayotengenezwa kwa pilipili ya unga, mchele wa kunata, unga wa soya iliyochachushwa, kimea cha shayiri na chumvi, inaachwa ichache muda mrefu, na ule uchachu wa soya hauwezi kuigizwa na kechapu. Chovya kidole kwenye sosi peke yake bila kuku. Ya kweli inaanza na utamu, halafu inakuja chumvi fulani nzito ya kuchachuka, na pilipili inafika mwisho, taratibu, inakaa nyuma ya koo. Kama imekuchoma mara tu ilipogusa ulimi, ikaacha utamu na ukali wa siki basi, hapo wamechanganya sosi ya pilipili ya chupa na sukari. Wengine wanaweka sriracha, sosi ya pilipili ambayo asili yake ni Thailand, na inaweza kuwa tamu sana ila basi waiite jina lake.

Angalia pia inavyokaa. Ile shira ndo inaipa mng'ao, na ni ya kushika, inamvaa kuku kwa tabaka jembamba, haitengenezi dimbwi chini ya boksi. Ukikuta dimbwi ujue sosi ilikuwa nyepesi, na sosi nyepesi ni maji, na maji unajua yanafanya nini kwenye ganda.

Na sio lazima iwe nyekundu. Ya soya na kitunguu saumu ni ya Kikorea vilevile, kuna majiko kule yanampaka kuku hiyo sosi kwa brashi kipande kimoja kimoja ili ganda lisizame, na kwa baga ya kusafiri mi binafsi ndo ninayoipendekeza kwanza. Inapakwa kidogo, inakauka haraka, inaumiza mkate kidogo sana.

Anti, samahani kama swali ni la kitoto. Nimekata baga ya kuku katikati, nyama ina wekundu fulani wa pinki. Nimeitupa yote. Nimefanya vizuri au nimetupa chakula kizuri? Nyumbani kuna mtoto mdogo. — Msomaji mwoga

Swali si la kitoto hata kidogo mdogo wangu, na kukiwa na mtoto mdogo au mjamzito nyumbani bora utupe chakula kizuri kuliko kula kibaya.

Ila rangi peke yake haitoshi kuhukumu. Baga hizi nyingi zinatumia paja, na paja lina myoglobini, ile protini inayoipa nyama wekundu, nyingi kuliko kidari, ndo maana nyama yake ni nyeusi nyeusi, na inaweza kubaki na upinki hata ikiwa imeiva sawasawa. Na kinyume chake kipo pia, nyama imeshakuwa nyeupe lakini katikati haijafika moto unaotakiwa. Kipimo cha uhakika ni joto, katikati ya nyama lazima ifike nyuzi 74, hapo bakteria kama salmonela na kampilobakta wanakufa. Ila hilo ni la jikoni kwao, wewe ukiletewa joto limeshashuka, kipimajoto hakitakuambia ilifika wapi, kwa hiyo tumia macho na vidole. Nyama iliyoiva nyuzi zake zinaachana ukivuta, haipitishi mwanga, ukiikandamiza maji yanayotoka hayana rangi. Mbichi inateleza, inang'aa, ina hali ya jeli jeli pale kwenye unene. Ukikuta hivo usile na usianze kuirudisha kwenye moto ili uiokoe, piga picha ya ule mkato kwa karibu, mwanga uwe wa kutosha, tuma kwao siku hiyohiyo na udai hela yako. Hii haina mambo ya nyota ngapi. Kuku mbichi ni sifuri, hata mkate ungekuwa mzuri namna gani.

Dada yangu, asalaam alaikum. Nimesikia sosi za Kikorea zina pombe. Nilikuwa nakula kwa amani kabisa mpaka niliposikia. Ni kweli? — Ummu Salma

Waalaikum salaam dada. Kwa sehemu ni kweli, na umefanya vizuri kuuliza. Gochujang nyingi za viwandani zinawekewa alkoholi kidogo ili zisiharibike, na inaandikwa kwenye orodha ya viambato nyuma ya kopo. Zipo pia zenye cheti cha halali, sio za kutafuta kwa tochi. Zaidi ya hapo kuna majiko yanatia mirini, ile pombe tamu ya mchele ya kupikia, au mvinyo wa mchele kwenye sosi au wakati wa kulaza kuku, hasa ile ya soya na kitunguu saumu, na hiyo kwenye menyu huioni.

Kwa hiyo usiulize "ni halali?" peke yake maana atakayepokea simu atakujibu ndio kuku ni halali na kuku ni kweli halali. Uliza hivi: gochujang mnayotumia ni ya kampuni gani na ina cheti, na je kwenye sosi au kwenye kulaza kuku mnaweka mirini au mvinyo wowote. Jiko makini litakujibu au litaenda kuangalia kopo. Likikujibu kwa kubabaisha, oda ni ya hiari dada yangu, achana nayo. Na kwa wenye mzio nawaunganisha hapahapa: soya, ngano na ufuta karibu havikosekani kwenye baga hizi, na mayonezi ina yai, ulizeni kabla hamjalipa.

Kidari au paja? Jibu fupi tafadhali. — Mwenye njaa

Paja. Lina mafuta kuliko kidari, linavumilia kukaangwa mara mbili na kusafiri. Kidari kinakauka njiani isipokuwa kimelazwa kwenye maji ya chumvi vizuri, na wengi hawalazi.

Dada mimi huwa naagiza mbili, moja nakula usiku moja naweka kwa ajili ya kesho. Ya kesho nikiitia kwenye maikrowevu inakuwa kama sifongo. Kuna namna? Na je naweza kuiandikia maoni hiyo ya kesho? — Baba Watatu

Namna ipo kaka, ila maoni ya hiyo ya kesho usiandike, jiko liliuza baga ya jana usiku na ndo hiyo wanatakiwa kuhukumiwa nayo.

Kwanza kabisa iingie kwenye friji ndani ya saa mbili tangu ipikwe, na hapo hesabu na muda iliotumia njiani, ukikaa inapoa mezani mpaka unaenda kulala unawapa bakteria nafasi. Iweke ikiwa imeshatenganishwa, kuku peke yake, mkate peke yake, usiiweke nzima kwenye boksi lake. Letasi na figili kula usiku huohuo. Kesho yake kuku muweke kwenye eafraya (kile kikaangio cha hewa ya moto) au oveni ya nyuzi 180, juu ya waya ili hewa ipite chini, asilale kwenye foili, dakika tano au sita kwenye eafraya, oveni inataka zaidi kidogo, mpaka katikati awe wa moto kabisa, tena hapa ukiwa na kipimajoto ile 74 inarudi kazini. Maikrowevu inachemsha maji yaliyo ndani ya nyama na kuyasukuma kwenye ganda, hakuna ujanja wa kuizuia. Ukiona sosi inaanza kuwa nyeusi pembeni shusha moto, hiyo ni sukari inaungua. Mkate ulaze uso chini kwenye kikaango kikavu dakika moja.

Na siku nyingine ukiagiza mbili, ya pili iandikie kabisa kwenye maelezo ya oda kwamba sosi iwe pembeni. Majiko mengi yanakubali, na kuku asiyepakwa sosi akilala kwenye friji anaamka na hali nzuri zaidi, unampaka mwenyewe akishatoka kwenye moto.